Mama Nisomee na Vihariri Viwili

Kazini kwetu tuna kompyuta moja, na nikisema kompyuta usifikirie hicho kidude unachopakata mapajani. Yetu ni makabati matatu meusi yaliyosimama kwenye chumba chenye baridi ya mochwari, na watu wanne tumeajiriwa kuyabembeleza. Kila asubuhi inatoa orodha: dawa gani zipakiwe lori lipi, ziende hospitali ipi. Siku ikinuna, bohari nzima ya dawa inanuna. Meneja huwaambia wageni kwamba sisi ndio moyo wa bohari. Moyo wenyewe umepewa ofisi yenye dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Mkuu wetu wa mitambo alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa. Jina lake liko kwenye mafaili huko. Sisi tulimwita Mama Nisomee, naye alijua. Alikuwa na sheria yake: hakuna mstari unaoingia kwenye mashine kabla haujasomwa kwa sauti. Unakaa kwenye kiti, unasoma kila kitu, mabano, nukta, hata nafasi tupu, na yeye yuko pembeni amefumba macho, anahesabu kwa vidole juu ya meza. "Haya, nisomee, mwanangu." Na msomaji wake kwa miaka minne mfululizo alikuwa nani? Mimi hapa. Nina shahada ya chuo kikuu, wazazi wangu waliuza shamba ili niipate, nikaishia kuwa redio ya mtu.

"Programu isiyosomeka kwa sauti haina akili," alikuwa akisema. Wageni waliandika neno hilo kwenye madaftari yao kama dua. Meneja alilichapisha akalibandika ukutani. Mimi nililiweka mahali pengine, na kwa heshima yako sitapataja.

Sasa, ili uandike hiyo mistari unahitaji kihariri, yaani programu ya kuandikia programu. Sisi tulikuwa navyo viwili. Cha zamani tulikiita Kijani: herufi za kijani juu ya weusi, mistari ishirini na minne kwenye kioo, hakina kipanya wala huruma, unatembea humo kwa vitufe tu. Kipya tulikiita Rangirangi. Hicho kinapaka kila neno rangi yake, kinapigia makosa mstari mwekundu, na herufi unazikuza au kuzipunguza upendavyo. Basi ungetuona! Watu wazima, wenye ndoa na watoto, tulinuniana kwa vihariri kuliko watu wanavyonuniana kwa mpira. Fundi wa mitandao alikaa siku mbili bila kunisalimia kwa sababu nilisema rangi zake za maandishi zinafanana na pazia la saluni. Lakini juu ya Rangirangi yeye na mimi tulikuwa kitu kimoja. Mama ndiye aliyeng'ang'ania Kijani. "Hayo marangi yenu ni ya chekechea," alisema, na hakutaka hata kukigusa.

Meneja, ambaye maisha yake yote hajaandika mstari wowote isipokuwa sahihi yake, akaamua vishindanishwe wiki mbili. Mimi nikapewa kazi ya kuandika ripoti: kihariri kipi kibaki, na nani wa kubaki nacho. Hilo la pili alilisema akiwa ameshafunga mlango.

"Mama amechoka," akaniambia. "Ukiandika kwamba hawezi zana mpya, nitampumzisha. Ana binti, atatunzwa."

Binti mwenyewe tulikuwa tukimwona. Ni muuguzi, na kila asubuhi alimleta mama yake mpaka getini amemshika mkono. "Bibi harusi huyoo anaingia!" nilikuwa nawaambia wenzangu, nao wanacheka. Bwana mchekeshaji.

Jumatano ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi, orodha ikatoka haina dawa za baridi. Chanjo, sindano za kisukari, vyote vinavyokaa kwenye friji, hata kimoja hakimo. Malori manane yamepanga foleni, madereva wanapiga honi, mkuu wa upakiaji anapiga simu kila baada ya dakika mbili kuuliza kama tumekufa. Nikafungua programu kwenye Rangirangi. Safi, inang'aa, hakuna mstari mwekundu hata wa dawa. Nikaiendesha tena mara tatu, ikatoa upungufu uleule mara tatu. Fundi wa mitandao akasema ni Kijani kimeharibu. Kijani wakati huo kilikuwa kimezimwa.

"Nisomee," akasema Mama.

"Mama, malori yako nje yana..."

"Malori hayana miguu, hayatakimbia. Nisomee ulichoandika jana ukakiingiza bila kunisomea."

Nikasoma kwa hasira, haraka haraka. Vidole vyake vikatembea juu ya meza. Mstari wa nane akainua mkono.

"Simama hapo. Hilo neno 'au za baridi' limeanza nafasi ya ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ya sabini na tatu."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mashine yetu ni ya kale na ina mambo yake ya kale: kila mstari una nafasi themanini za kuweka herufi, lakini yenyewe inasoma mpaka ya sabini na mbili, basi. Kilichozidi hapo hakiihusu. Kijani kingenizuia pale pale. Rangirangi, kwa upole wake wote, kilikuwa kimeniacha nimwage maneno hadi ng'ambo, halafu kikayapaka bluu nzuri. Kwa mashine, dawa za baridi hazikuwahi kuandikwa.

Nikaukata mstari nikaushusha chini, orodha ikatoka kamili, malori yakaondoka. Ungedhani yameishia hapo. Mama akageuza kiti, akawatangazia wote: "Mashine haina kosa. Kosa limevaa shati la mistari." Ofisi nzima ikamtazama aliyevaa shati la mistari. Hata mfagizi alicheka, na huyo alikuwa hajui kilichotokea.

Nilikasirika, sifichi. Mke wangu kila siku ananiambia ulimi wangu utaniponza, lakini siku ile ulikuwa ni mkono. Mchana huohuo niliandika ile ripoti, ukurasa mmoja, nikaufurahia kila mstari. Nikaupeleka kwenye meza ya Meneja, nikaenda kula nikiwa mwepesi kabisa.

Kesho yake lilikuwa jaribio la mwisho, na Meneja akaja kushuhudia. Mama alitakiwa asome kwenye Rangirangi mistari kumi ya programu ya dawa na kuieleza. Kipanya nilikishika mimi, maana yeye alisema kipanya ni mnyama na hafugi wanyama. Nikafungua faili, nikamsogezea kioo.

Mama akaegemea mbele, akaanza. "Kama dawa ni ya vidonge, peleka lori la kwanza. Kama ni ya maji, peleka lori la pili, isipokuwa..." Sauti imetulia kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikatupa jicho kwenye kioo. Mbele ya uso wake, kwa rangi zote, palikuwa na zamu za kufagia vyoo vya ghorofa ya pili. Nilikuwa nimebonyeza faili la jirani. Mama anasema lori la pili. Kioo kinasema Jumanne, ndoo mbili na brashi ndefu.

Nikamtazama Meneja. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, macho kwenye kioo kilekile. Kwake yeye programu na zamu za vyoo ni lugha moja. "Safi sana, Mama, kumbe unakiweza!" akasema, simu yake ikalia, akatoka.

Nilimtazama yule mama na kwa mara ya kwanza nikamtazama macho yake, ambayo yalikuwa yananikosa kidogo, yanaangalia karibu na sikio langu. Vile vidole mezani. Binti na mkono wake getini. Miaka minne nimekaa hatua moja kutoka kwake, mimi mwerevu, mimi mwenye shahada. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mama," nikasema, "hapa kwenye kioo pameandikwa nini?"

"Kwani umenifungulia nini?"

"Zamu za vyoo."

Akacheka, kicheko kifupi, kikaisha chenyewe. "Basi nimesomea vyoo vizuri."

"Tangu lini, Mama?"

"Huu mwaka wa tano. Katikati ya kila kitu kuna kiza, pembeni kunabaki kidogo. Daktari amesema hayarudi. Kijani herufi zake hazikui, lakini kila mstari najua ulipo, kama vile ninavyojua chumvi iko wapi jikoni kwangu. Mingine mnanisomea nyie." Akavuta pumzi. "Hiki chenu kipya kila kitu kinahamahama. Ningekigusa tu, mngejua."

"Sasa kwa nini usiseme?"

"Niseme ili iweje? Hapa mimi ni mkuu wa mitambo. Nikikaa kwa binti yangu, nitakuwa kipofu anayeletewa chai."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ripoti. Nilikimbia kwenye korido, mtu mzima na tai shingoni. Meneja alikuwa bado anaongea na simu, na ripoti yangu ilikuwa mezani kwake, juu yake kikombe cha kahawa. Hakuwa ameigusa. Nimeuponda uvivu wa yule mtu miaka yote, siku ile ningeubusu. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba kuna pa kurekebisha, akanipungia mkono kama anafukuza nzi, nikarudi nayo.

Niliingia taratibu. Nilikuwa nimeanza kuikunja ili niichane.

"Karatasi gani hiyo?" akauliza. Masikio hayakuwa na tatizo lolote. "Ndiyo ripoti?"

"Ndiyo, Mama."

"Imenitaja?"

"Imekutaja."

"Haya. Nisomee."

Nikuulize wewe: ungefanya nini? Mtu haoni. Ningeweza kumsomea chochote. Ningeweza kumsomea kwamba ni nguzo ya bohari, asijue mpaka kaburini. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu kabisa. Lakini alikuwa ameshafumba macho na kuweka vidole juu ya meza, anasubiri. Miaka minne nilimsomea, na hata siku moja hakuwahi kuniuliza kama nimeruka mstari.

Nikasoma yote. "Mkuu wa mitambo ni mkaidi na amepitwa na wakati. Anakataa zana mpya bila sababu. Amewageuza wasomi kuwa wasomaji wake. Inapendekezwa apumzishwe." Mara mbili nilikwama, nikarudia pale nilipokwama ili asikose neno. Kila neno lilikuwa langu na hakuna wa kumsingizia.

Vidole vikasimama. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Mama, nisamehe. Nilikuwa na hasira, nilikuwa mjinga. Acha niichane."

"Usichane. 'Mkaidi' liache, hata marehemu mume wangu angetia sahihi. 'Bila sababu' ndiyo uongo." Alikuwa analia, lakini sauti haikutetereka. "Umeniuma, mwanangu. Sitakuambia hujaniuma."

Nikaikunjua ile karatasi, nikaiweka mezani mbele yake.

"Meneja ametaka ripoti, apewe ripoti," akasema. "Nimechoka kujificha. Akinitoa, anitoe kwa kitu kilichopo. Fungua hicho kirangirangi chako, uandike ninavyokuambia."

Nikwambie mapema usije ukanikatizia: hakutolewa. Wala usidhani ni huruma. Meneja aliuliza nani mwingine anaijua ile programu ya mistari elfu arobaini, sote tukatazama viatu vyetu. Alimvua ukuu wa mitambo akampa fundi wa mitandao, akamwacha Mama na kioo kikubwa na meza yake. Huyo fundi mpaka leo anamwita "mkuu", na akiitwa yeye hivyo hageuki. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile hakuna aliyejua, na Mama mwenyewe alikuwa ameshafunga mkoba wake na kuuweka magotini.

"Andika," akasema. "Anakataa zana mpya kwa sababu..." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Kwa sababu haoni."

Nikaandika.

"Si mlisema hiki kinakuza herufi?"

"Kinakuza, Mama."

"Kikuze."

Nikakuza. Maneno ya mwanzo yakasukumwa nje ya kioo moja baada ya jingine, mpaka likabaki lile la mwisho peke yake, kila herufi kubwa kama kiganja. Mlango ulikuwa wazi, mfagizi amesimama pale na ndoo yake, anaona kila kitu. Nikataka kwenda kufunga.

"Acha wazi," akasema.

Akasogeza kiti, akageuza uso upande ili atazame kwa ukingo wa jicho, pua karibu iguse kioo. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akasoma, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisoma mwenyewe.

"Ha... o... ni."

Akarudi nyuma, akajifuta macho kwa kiganja.

"Haoni," akasema. "Ni kweli. Peleka."