Maji Niliyoyamwagisha

Kufikia siku ya tisa ya kukagua maji, hata kupiga hodi niliona kazi. Kidingapopo, ile homa ya kuvunja viungo, ilikuwa imelaza watu wengi Garissa. Daktari aliyekuja kuichunguza alinipa mimi, karani wake, nyumba za nyuma ya soko la mifugo: nitazame kila chombo, na nikiona viluwiluwi vya mbu niandike, maji yamwagwe.

Habari za mbu nilizisoma mwenyewe katika kitabu cha kuazima. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoiogopa homa, kwa hiyo nikajitungia sheria ambayo daktari hakunipa: chombo nisichokiona hadi chini kimwagwe.

Mama mmoja alikuwa na haan mbili, vile vyombo vilivyofumwa kwa nyuzi ambavyo hufukizwa moshi kabla ya kutiwa maji. Ndani kulikuwa giza. Nyuma ya pazia binti yake alikuwa na homa.

"Mwaga, mama," nikasema.

"Karani, umeona nini?"

"Sioni kitu. Ndiyo maana."

"Basi mimi pia sioni ndani ya kichwa yako. Tumwage?"

Nikamwonyesha karatasi yangu ya ukaguzi. Akayamwaga taratibu juu ya kitambaa changu cheupe cha kunasia viluwiluwi. Hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Binti akaita, "Hooyo, biyo." Mama, maji. Halikubaki hata tone.

Nikaenda haraka kwangu kumchotea. Nilipofunua pipa langu, viluwiluwi vilikuwa vimejaa tele. Siku zote tisa sikuwahi kulitazama. Nakiri nilifikiria kuyachuja tu nimpelekee, maana nani angejua? Kisha nikalipindua, nikachukua debe, nikashuka mtoni.

Niliporudi, mabega yakiuma, mama alitandika kitambaa juu ya sufuria, akamimina, akainama kutazama.

"Leo karani ni mimi," akasema.

Nikamweleza habari za pipa langu. Hakucheka.

"Hiyo umeandika?"

Nikachuchumaa, nikaiandika nyumba yangu mbele yake, mwandiko ukienda upande. Siku nyingine ningeichana karatasi na kuanza upya.

Maji ya haan yalikuwa yameshatulia, tayari kunywewa. Haya yangu yalikuwa na tope. Ilibidi yangojwe, yachemshwe, yapoe. Tulikaa kando ya moto. Yalipoanza kutokota, binti akaita tena, na mama akanitazama mimi nimjibu.