Ami, Bingwa wa Tanzia

Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, anazijua tanzia za Wayunani wa kale, ile michezo yao ya jukwaani ya maafa, kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na sijaona mtu ambaye zimemfunza kidogo kama yeye.

Alizisomesha miaka mingi katika chuo kimoja cha nchi ya baridi, kisha akarudi Oman akajenga nyumba Nizwa, pembeni mwa mitende, yenye majlisi, ukumbi wa wageni, kubwa kupita vyumba vyote vya kulala. Alkhamisi alasiri hukusanya watu: maofisa wastaafu, madaktari, walimu, wengi wetu watu wa Zanzibar, na wenyeji wachache ambao yeye huwafasiria kwa Kiarabu. Kwanza kahawa na halwa, kisha yeye. Hukalia mto ulionyanyuka kidogo kuliko mito ya wengine. Jambo hilo nililiona siku ya kwanza na tangu hapo sikuweza kuacha kuliangalia.

Mimi nafundisha skuli mjini Ibra. Baba alipofariki, nikaona ni adabu kwenda Nizwa mara moja moja kumwamkia mkubwa wa familia. Nikifika namwambia "Shikamoo, ami," naye hunipa "marahaba" ya haraka, kama mtu anayemrejeshea mwenziwe kalamu, halafu naenda kukaa nyuma na wanawake wawili watatu waliosoma.

Sitamdhulumu. Alisema vizuri. "Tanzia si habari ya mtu kufikwa na balaa," alikuwa akituambia. "Balaa humfika hata mbuzi. Tanzia ni habari ya mtu mkubwa aliyesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye." Akizungumzia sheria, aliteremsha sauti. Kuna amri za watawala, alisema, na kuna sheria ambayo hakuna mkono ulioiandika, na ukubwa wa mtu hujulikana siku mbili hizo zinapogombana. Wastaafu walitikisa vichwa. Na mimi nilitikisa changu. Nilikuwa bado sijamwona akisimama mbele ya jambo lolote.

Mtu wa pili katika habari hii ni mwanamke tuliyekuwa tukimwita Dada. Hakuwa dada wa mtu. Alizaliwa shamba, Unguja, akachukuliwa akiwa mdogo akalelewa nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, na alipokuwa msichana akapewa ami amlee. Hakuwa na kabila la kuweka mwisho wa jina lake. Anayeishi Oman anajua maana yake: asiye na kabila huhesabiwa mtu wa chini.

Mwaka wa mapinduzi, bibi na babu walikuwa mjini, na Dada alikuwa shamba na ami, mtoto mdogo bado. Njia zilifungwa. Akamfunga mgongoni kwa kanga akatoka kwa miguu. Njiani wakamsimamisha wanaume wenye bunduki. Kisa hiki alinihadithia mwenyewe, huku anaparua samaki, bila hata kunyanyua uso.

"Wakaniuliza, mtoto wa nani huyu? Nikawaambia, wangu. Mmoja akasema, mbona hafanani nawe? Nikamwambia, kafanana na babake, na babake kanikimbia."

"Wakasemaje?"

"Wakacheka. Wakanambia pita."

Akavuka naye mpaka Dar es Salaam. Huko alifulia watu nguo, akamsomesha, na mtaa mzima ukamjua ami kuwa ni mwanawe. Yeye mwenyewe alimwita mama. Ilichukua miaka bibi kuwapata. Baba alikuwa kishazaliwa wakati huo. Oman ilipofungua mlango kwa watu wake waliokuwa Afrika, wote wakaja pamoja wakakaa Sur, mji wa pwani, mtaa wa Aija ng'ambo ya khori. Dada hakuolewa. Akamlea baba, kisha akanilea mimi.

Bibi alipokuwa hawezi, ugonjwa uliomchukua, alimwita ami akamkalisha kitandani. Mimi nilikuwapo, nimeshika kikombe cha maji. Akamwambia, "Huyu kakuzaa mara ya pili. Usije ukamkana."

"Sitamkana, mama," ami akasema. Akalia, tena sana. Machozi huwa hayampi taabu.

Sasa nieleze siku ya hospitali. Dada aliteleza uani akifua, akavunjika nyonga. Jirani akanipigia simu, nikaendesha gari kutoka Ibra hadi Sur bila kusimama. Kwa bahati ami alikuwa Sur siku ile ile. Alikuwa akimposea mwanawe wa pekee kwa watu wakubwa wa hapo, watu wenye kabila linalotajwa kwa sauti kamili. Nikampigia akaja. Hakuja peke yake, alikuwa kwenye gari moja na ami yake bibi harusi, mzee mmoja mtaratibu mwenye ndevu nyeupe, na yule mzee kwa adabu yake akaona haifai kubaki nje.

Tulikuwa ukumbini, Dada kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu katikati yetu, yuko macho. Akapita bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa jirani yao Dar, akamtambua ami, akamwambia, "Pole, mwanangu. Mama yako hajambo lakini?"

Ami akamjibu kitu kisichosikika. Yule mzee wa Sur, ambaye Kiswahili alikijua kwa kubahatisha, neno mama alilielewa. Akamtazama Dada, akamtazama ami. Hapo hapo daktari akatoka, akasema kwa Kiarabu kwamba mgonjwa lazima apasuliwe, na akauliza nani mtu wake.

Nilinyamaza kwa sababu ya ukubwa wa ami. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akiwapo mdogo hatangulii kusema. Ami akarekebisha kilemba chake. Kisha akasema, kwa ile sauti yake nzuri ya majlisi:

"Huyu ni mtumishi wetu wa zamani. Hana nasaba nasi. Tunamsaidia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Daktari akamgeukia Dada, nadhani kwa kutaka kuhakikisha. Na Dada, aliyekuwa akikisema Kiarabu cha Sur vizuri kuliko sisi sote, akamwambia, "Kweli, daktari. Mie mfanyakazi wao." Akageuza macho akatazama dari.

Hiyo basi ikawa mara ya pili Dada kumvusha ami njiani. Safari hii hapakuwa na bunduki. Palikuwa na mzee mwenye adabu na harufu ya udi.

"Ni bibi yangu," nikasema. "Mimi ndiye mtu wake." Nikatia saini walipotaka nitie. Ami akanisogelea akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Usilete mambo mbele ya watu," kisha wakaondoka, yeye mbele, kwa sababu posa ilikuwa haijakamilika.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku iliyofuata alikuja mtu kumtazama, na hakuwa ami. Alikuwa yule mzee, kaja na mkewe na mfuko wa machungwa. Mkewe akakaa karibu na Dada akamenya machungwa. Mzee akanivuta kando akaniuliza mwanamke huyu ni nani hasa. Nikamweleza yote, shamba, njiani, Dar. Alisikiliza huku anaangalia viatu vyake. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Sisi hatukuuliza," akasema.

Sikumwelewa, akarudia. "Hakuna mtu kwetu aliyeuliza habari ya mama wala ya mtumishi. Kijana ana tabia njema, tukaridhika. Kwa nini alisema vile?"

Nikamshukuru kwa machungwa, nikarudi kwa Dada.

Nilimchukua Dada nikamhamishia kwangu Ibra. Ami hakupiga simu. Wiki zikapita, harusi ikafanywa, kubwa kama alivyotaka, na mimi nikaenda kwa sababu bwana harusi hakunikosea kitu. Dada hakualikwa. Alikaa nyumbani na mwalimu mwenzangu wakatazama mashindano ya ngamia kwenye televisheni.

Baadaye, Alkhamisi moja, nilikwenda Nizwa. Siku hiyo ami alikuwa akizungumzia khiyana. Alisema msaliti katika tanzia za Wayunani hatoki mbali. Anatoka kwenye damu, au kwenye sinia moja. Adui wa nje anaweza kukuua, alisema, lakini wa kukusaliti lazima kwanza akupende, au uwe umekula mkononi mwake. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilisubiri mpaka akasema kama kuna aliye na swali.

"Ninalo, ami. Mtu akimkana aliyemwokoa roho, hiyo ni tanzia?"

Alinitazama. Wengine hawakujua kitu, walidhani swali ni la kitabu. Akanywa kahawa kidogo, akapata nafasi ya kutafuta njia, na akaipata, maana njia hakosi.

"Inategemea," akasema. "Kama ni mtu mkubwa, ndiyo, hiyo ni tanzia."

"Na kama si mtu mkubwa?"

"Basi ni habari tu." Watu wakacheka kidogo, naye akatabasamu, akifurahia jinsi lilivyotoka.

"Ahsante, ami. Nilitaka nihakikishe."

Wageni walipoondoka alinifuata uani nilipokuwa nafungua gari. Hakuwa na tabasamu tena.

"Ulitaka kuniaibisha nyumbani kwangu."

"Nilikuuliza swali."

"Wewe hujui uzito wa nasaba. Mwanangu angeambiwa bibi yake ni nani? Watu husikia neno moja wakalibeba mpaka Maskati. Wangesema mimi mtoto wa mtumishi."

"Na wangesema. Ungepungukiwa nini?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyefeli. "Ulitaka niseme nini pale hospitali?"

"Alilolisema yeye njiani. Kwamba huyu ni wangu."

Akashika mlango wa gari yangu, nikadhani labda limempata. Kisha akasema, "Lakini yeye alidanganya."

Nimesikia maneno madogo mengi katika maisha yangu. Kwa dogo kama hilo ningelazimika kupiga magoti nilitafute chini. Msichana kadanganya mbele ya bunduki, na bwana huyu, aliyekula na kusoma na kuoa na kujenga juu ya uwongo ule, anausahihisha kama kosa la insha. Nilipanda gari. Sikumuaga, na hilo kwetu si jambo dogo.

Kwa muda nilikuwa nangoja aanguke. Nilijua ni upuuzi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenizoesha, miaka yote ile ya kusikiliza habari za wakubwa wanaovunja sheria isiyoandikwa na nyumba ikawaangukia. Hakuna kilichomwangukia. Magoti yake mazima, pensheni inaingia, mitende inazaa. Mwishowe nikaelewa kwamba Wayunani wale walikuwa na akili. Waliwaangusha watu waliokuwa wamesimama mahali pa juu. Ami hakuwa juu ya kitu chochote ila mto.

Dada alipoanza kutembea kwa kile chuma cha kushikilia, ami alikuja Ibra. Alikuja na mwanawe na bibi harusi, nadhani kwa kuwa bibi harusi ndiye aliyeuliza kwa nini hawajaja. Ami alikaa ukingoni mwa kochi, funguo za gari mkononi. Hakuomba radhi. Alieleza habari za barabara mpya. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula.

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Hukula. Kula."

Akala. Mtu mzima, bingwa wa tanzia, akala wali na papa mkavu mpaka akamaliza sahani, na Dada akimwangalia. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, na nilimdharau kwa kila tonge.

Walipoondoka nilimuuliza Dada kama amemsamehe.

"Nani kasema?" akaniambia. "Kusamehe mpaka mtu aombe. Huyo hajaomba. Mie nimemlea, basi. Kule kumlea siwezi kukurudisha nyuma."

Nilitaka kumwambia kwamba katika miaka yote ya majlisi ile sikusikia jambo lililonyooka kama hilo, lakini asingelipenda. Alikuwa anatafuta miwani yake.

Sijarudi Nizwa. Nasikia majlisi inaendelea na watu wameongezeka. Anayekuja Ibra ni bibi harusi, Jumamosi, mara nyingine na mumewe na mara nyingine peke yake, na samaki kutoka Ashkhara ndani ya sanduku la barafu. Anajifunza Kiswahili kwa Dada. Anakivunja vibaya, viti vyote kwake ni "hii kiti" na watoto wote "hizi watoto", na Dada hamwachii hata neno moja. Jumamosi iliyopita waligombana juu ya mchuzi wa papa, mmoja akisema utiwe ndimu sasa, mwingine akisema mpaka uive. Nikawaacha wagombane, nikaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu.