Kisahani Chenye Jina Langu

Maabara ya shule yetu, Hodge Hill, huku ughaibuni, ilinuka spiriti na glavu za mpira. Majira yale ya baridi mwalimu wa sayansi alimpa kila mmoja wetu kisahani cha plastiki chenye jeli, chakula cha bakteria. Upande mmoja tuuguse kwa kidole ambacho hakijaoshwa, wa pili kwa kilichooshwa. Nilinawa mpaka ngozi ikawasha. Kisha, kwa mazoea, nikajipaka mafuta, maana kwetu Wakenya mikono iliyopauka ni aibu ya mama. Kikopo kilikuwa mfukoni, kile kile ambamo nyumba nzima tulichovya vidole. Ndipo nikagusa jeli.

Visahani vilipotoka kwenye kabati la joto, vifuniko vimefungwa kwa utepe, upande wangu mchafu ulikuwa na madoa machache ya bakteria. Ule safi ulitapakaa kama uji uliomwagika. Neema, rafiki yangu Mkongo, akachungulia. “Dada, ulinawa na supu?” Nilicheka, lakini niliogopa: wazazi wangeviona jioni ya maonyesho, majina yetu juu. Mama alitunza wazee, na ndiye aliyewafundisha wenzake kunawa. Nilimwomba mwalimu kisahani kingine, akakataa. Nikamwomba mama asije.

Alikuja amevaa sare yake ya kazi. Nikaanza kujieleza haraka haraka, kwa Kiingereza.

“Polepole. Ulijipaka mafuta?”

“Ndiyo, mama.”

“Ya kile kikopo chetu?”

Mama akatoa simu, akakipiga picha kisahani, jina langu likionekana wazi.

“Mama, tafadhali.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua. Kazini tunachovya krimu ya wazee kwenye kopo moja. Kesho wenzangu wataona hii.”

Sikuisomea sayansi chuoni. Nilijifunza kwa video na vitabu vya maktaba. Siku hizi nawafundisha watoto wa kanisa letu, mtaa wa Nechells, na kila jaribio nalifanya kwanza jikoni kwangu, nikiogopa kuumbuka. Jumamosi iliyopita kisahani changu cha mfano, kilichopaswa kubaki safi, kiliota ukungu. Nilikifikisha hadi kwenye pipa la taka, nikarudi nacho, nikakiweka kwenye meza ya kanisani kikiwa na jina langu, kisha nikasimama mbele yake nikikikinga kwa mwili.

“Anti, sogea,” mtoto mmoja akasema. “Hatuoni.”

Nikasogea.