Mistari Arobaini na Mmoja ya Njugu za Shemeji

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ndiyo maana msimu ule, miaka ya tisini, njugu za shemeji, mke wa kaka yangu, zilipogeuka manjano, mimi ndiye niliyeulizwa: alipanda siku gani?

Kwetu Homa Bay mama mwenye boma hutia mbegu kwanza, wakaza wana wakafuata. Anayemtangulia huleta chira, laana inayokausha mimea, kisha watu.

Mbegu za shemeji nilimpimia mimi. Hata lile shamba la udongo mweupe chini ya kilima nilimkodishia mimi, nikajisifu kwa bei. Sikujiuliza kwa nini mwenye shamba hakubishana.

"Alhamisi," nikasema mbele ya ukoo. "Mama alipanda Jumamosi." Nikarudia, hesabu ikae sawa.

"Ulikuwa na haraka ya nini, nyathina, mwanangu?" mama akamwuliza.

"Mvua ilikuja, mama. Ningeiambia ingoje?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Jumapili shemeji akarudishwa kwao, upande wa Macalder, mtoto mgongoni. Langoni alinigeukia.

"Uzihesabu vizuri, shemeji. Usiruke hata mstari mmoja."

Nilikwenda nikahesabu. Arobaini na mmoja. Majani ya chini yalikuwa mazima. Machanga ya juu ndiyo yaliyopauka, mishipa tu ikibaki kijani. Nikajiambia, basi, chira huanza na wadogo. Nikamwaga jivu, kama tunavyofanya shamba likiugua. Yakazidi kuwa meupe.

Bwana shamba alipopita na baiskeli akaniomba limau.

"Nusu haitoshi?" nikauliza.

Akalikamua lote juu ya bonge la udongo. Udongo ukatoa povu.

"Chokaa," akasema. "Chuma kimo humu, lakini chokaa imekifungia. Mzizi unalala nacho jirani na haukipati. Nawe umeongeza jivu! Jivu nalo ni chokaa, mzee."

"Nikimwaga chuma kingine chini?"

"Kitafungiwa vilevile. Lilishe jani lenyewe."

Basi nikayeyusha chumvi ya chuma majini, nikanyunyizia majani asubuhi, kabla jua halijawa kali, na siku kumi baadaye tena. Majani mapya yakatoka kijani. Shamba la mama, ng'ambo ya kijito kwenye udongo mweusi, halikuwahi kuugua. Hilo nalo nilikuwa naliona kila siku.

Nikaenda Macalder. Shemeji alinipokea nje, hakunipa kiti.

"Zimepona," nikasema. "Haikuwa chira. Ni udongo."

"Mistari mingapi?"

"Arobaini na mmoja. Nimehesabu mara mbili."

"Na zile siku mbili, Alhamisi mpaka Jumamosi? Umezifuta mbele ya ukoo?"

Nimewahi kubishana na wachuuzi wa ng'ombe wa soko la Ogwedhi nikawashinda. Pale nilianza kuhesabu siku kwa vidole, nikaacha. Nilirudi peke yangu.

Njugu za shemeji tulizivuna mimi na mama. Kila mwisho wa mstari nilimsikia shemeji akiniambia nisiruke. Mama alianza mstari wa kwanza, kama ilivyo desturi.