Pasi ya Mama na Nta ya Skii

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nikiuficha dada yangu atausema: nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilizipaka skii zangu nta kwa pasi ya mama, kisha kwa pasi hiyohiyo nikanyoosha magauni sita ya kwaya. Harufu ya nta ile ninayo puani mpaka leo, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, Buffalo, kwenye nyumba yetu ya ghorofani karibu na barabara ya Bailey, na theluji ilikuwa imebaki vipande vyeusi pembeni mwa maegesho, kama ukoko ulioungua. Msimu wa kuteleza ulikuwa umekwisha. Kocha wetu, Bi Helen, alituambia kila mmoja apeleke skii zake nyumbani, zile mbao mbili nyembamba zinazomzidi mvaaji urefu, azipake nta ya kuyeyusha kwa pasi ili zisikauke wakati wa joto. Alisema tutumie pasi kuukuu isiyogusa nguo. Kwetu pasi ilikuwa moja. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, mimi sikuuliza.

Mama ndiye aliyetunza sare za kwaya, lakini Jumamosi alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, miguu imemvimba, kwa hiyo kunyoosha kulikuwa kazi yangu. Niliona vitone viking'aa kwenye kitenge nikadhani ni maji niliyonyunyiza. Kumbe nta ilikuwa imejificha kwenye vitundu vya mvuke. Asubuhi kanisani baridi iliigandisha, na akina mama sita wakasimama mbele kumsifu Mungu wakiwa na madoa meupe vifuani, kama waliopitiwa na kundi la njiwa. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, alijikwangua kwa kucha ubeti mzima bila kukosa noti hata moja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi siku ile walinifunza wote wawili kwa zamu.

Aibu ningeivumilia. Kilichoninyima usingizi ni karatasi ya ruhusa. Theluji ikiisha, timu haikupumzika: tulipanda vilima mbio tukiwa na fimbo za kusukumia mikononi, tukateleza kwenye lami kwa skii za magurudumu, na mwisho wa mwezi ilikuwepo safari ya siku tatu kwenye misitu ya kusini mwa jiji, kukimbia, kupiga kasia na kulala kwenye hema. Mimi, niliyependa blanketi kuliko chakula, sijui shetani gani aliniingia nikaitaka safari ile kuliko kitu chochote. Karatasi ilitakiwa Ijumaa, na ilikuwa juu ya friji wiki mbili bila saini. Jumapili ile mama aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Bon, sawa. Wale mama sita wakusamehe kwanza. Kisha nitaangalia karatasi yako."

Bi Helen alinifundisha dawa: weka karatasi ya kaki juu ya doa, pitisha pasi ya moto, nta itahamia kwenye karatasi. Basi nikaanza kwenda nyumba hadi nyumba na begi mgongoni, kwa miguu na kwa mbio, nikiomba msamaha na kuomba gauni, maana Jumapili ile kila mmoja alirudi kwake akiwa amelivaa. Kwetu msamaha hausemwi, unapakuliwa. Ukiona umewekewa sahani, ujue yamekwisha. Ukikataa kula, umeanzisha kesi nyingine. Jumanne nilikula sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa kwa samaki, mara mbili na ugali mara tatu, kisha nikaenda mazoezini kupanda kilima. Sitaeleza yaliyotokea kilimani. Bi Helen alisema hajawahi kuona mtoto anakimbia huku anacheua samaki.

Alhamisi alibaki Mama Furaha. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, gauni hakulitoa.

"Ni mchezo gani huo unachafua watu mbele ya madhabahu?" akauliza. "Enda ulete hizo vyombo zako. Vala, nione."

Nilirudi nyumbani mbio, nikaja na skii za magurudumu, nikazivaa mbele ya jengo lao, watoto wakitazama madirishani. Nilisukuma fimbo mara nne kwa madaha. Mara ya tano nilikuwa nimelala kwenye ua wa watu, mguu mmoja juu ya kichaka. Mama Furaha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Njo hii iliharibu kitenge yangu? Hii ya kuanguka-anguka? Ee Mungu wangu. Simama, mtoto. Ingia ule."

Ijumaa alfajiri magauni yote sita yalikuwa yamening'inia safi, na mama alikuwa amekaa mezani, kalamu mkononi, haandiki. Ndipo akasema, si kwangu hasa, bali kwa ile karatasi: "Mimi nililala porini siku kumi na moja na dada yako mgongoni, nikikimbia vita. Sikujua mtu anaweza kuomba ruhusa ya kulala huko." Nilikuwa nimedhani kesi ni ya nta. Kumbe wale mama sita walikuwa uzio aliojaribu kunizungushia, nami nikauruka wote. Akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kisha akainuka kukaanga mandazi ya timu nzima, ndoo tele.

Msituni nilizama matopeni mpaka magotini, nikapindua mtumbwi nikiwa bado sijatoka ufukweni, na usiku wa kwanza nililia kwa kutamani kitanda changu. Lakini asubuhi niliamka nikasikia maji ya theluji yakiteremka chini ya majani, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akinifukuza. Mama ndiye aliyeninunulia asubuhi ile, kwa hofu yake yote.

Sasa naishi Louisville, ambako theluji huja kama mgeni mwenye haraka. Kazi yangu ni kupanga vifurushi ghalani, na mazoezi yangu ni kutoka kwenye kochi kwenda jikoni. Zamani nilikimbia mtaa mzima kutafuta msamaha. Leo hata shukrani naiagiza kwa simu. Dada yangu, anayesoma chuo kule Columbus, humtembelea mama, aliyebaki Buffalo, kila anapopata nafasi, na kila mara huniuliza kama anipokee kituo cha basi twende pamoja, nami husema safari ijayo. Majuzi nilimsimulia haya yote jirani yangu, Mama Neema, kizazi cha mama yangu, huku akichambua maharage kwenye ngazi za nyumba yake. Nilisimulia vizuri, hata machozi yalinilenga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza maganda, akasema: "Donc, sasa hii maneno yote unaniambia mimi ya nini? Mimi si mama yako. Barabara ya Buffalo iko wazi."