Barabara Iliyokula Jiko la Bibi

Safari hii nilipofika Tukuyu, kitu cha kwanza kunipokea mtaani kwetu kilikuwa X nyekundu. Ilikuwa imepakwa kwenye ukuta wa nyumba ya wageni iliyo mkabala na kwetu, kubwa, rangi imechuruzika mpaka chini, na wewe kama umekaa nchi hii unajua bila kuambiwa kwamba panabomolewa. Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu Dodoma kwamba mji unapanuka, lami inakuja mtaani kwetu Ibighi na taa zake na mitaro yake, na kila familia inatakiwa iwe na mtu wa kuonyesha mipaka. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi. Nilikuta mvua, kama kawaida.

Ukuta wetu haukuwa na X. Nilisimama kwenye kona, begi mkononi, viatu vikizama taratibu kwenye tope, na badala ya kufikiria lami nikawa nafikiria jiko la Bibi. Lilikuwa palepale niliposimama, katikati ya barabara.

Ngoja nikuingize humo. Kuta zake zilikuwa za mianzi iliyokandikwa udongo, na ndani kulikuwa kweusi kwa moshi wa miaka, weusi unaong'aa. Juu ya moto yalining'inia mahindi ya mbegu. Pembeni kulikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando na shimo dogo lenye majani makavu ya mgomba, mlimofukiwa maparachichi yaive, nasi tulikuwa tukiyabonyeza kila tulipopita mpaka tukachapwa. Bibi alipika mbalaga, ndizi na maharage kwenye chungu kimoja, na mvua ilipopiga bati hukumsikia mtu aliye karibu nawe, ukabaki kula tu. Kabla ya shule tulifagia uwanja kwa zamu. Bibi alikagua, na kama umeacha hata jani moja, anakuita urudi kulitazama.

Kiswahili chake hakikuwa na z. Maziwa yalikuwa masiwa, kazi ilikuwa kasi, na hakuona sababu ya kubadilika. Sisi tuliosoma tulimcheka, naye akatucheka kwa Kinyakyusa chetu kilichokuwa kinachakaa.

Siku hizo kwetu hakukuwa mjini. Kulikuwa na migomba, na mji ulikuwa kule juu, kwenye maduka na stendi. Halafu mji ukaanza kuteremka. Walikuja walimu, walikuja wafanyakazi wa kiwanda cha chai alikokuwa akifanya kazi baba, wakaja wafanyabiashara, na kila mmoja akauziwa kipande cha shamba. Mzee mwenye shida alikata migomba yake michache, akapokea chake, akaonyesha pembe nne. Kila aliyenunua alinunua kiwanja, hakuna aliyenunua njia. Kufika kwako ulipita uwani kwa mtu, ukabisha hodi, ukasalimia, ukaulizwa habari za nyumbani, na kama ni mchana ukakaribishwa kula. Sisi watoto tuliona raha tupu. Ila matofali yalibebwa kichwani kutoka barabara kuu, na mgonjwa alibebwa kwenye blanketi, wanaume wanne wakiteleza kwenye utelezi mpaka mahali gari lilipoweza kumsubiri limpeleke hospitali ya Igogwe. Nakumbuka mwanamke mmoja, mke wa mwalimu, aliyejifungulia njiani chini ya migomba yetu huku mvua ikinyesha. Mtoto alipona. Mtaa mzima uliacha kuongea habari nyingine.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu watu waliyarudia kwa wiki nyingi. "Ndugu zangu, greda lipo, mafuta yapo, makalavati yapo. Halmashauri haina fedha ya kumlipa mtu ardhi yake. Ardhi na mikono ni vyetu. Mkikubaliana, tunaletewa. Msipokubaliana, linakwenda mtaa mwingine." Wakakubaliana kwamba njia ya zamani ya miguu ipanuliwe, na kila mwenye eneo pembeni atoe sawa na mwenzake wa ng'ambo. Watu walipiga makofi. Kwa baba ilikuwa hesabu nyepesi, maana upande wetu tungepoteza mstari mmoja wa migomba tu.

Shida ilikuwa kwa jirani wa mkabala. Vigingi vilipopigwa, kamba ilipita juu ya kaburi la mkewe. Kwetu, kama ujuavyo, mtu huzikwa nyumbani kwake, na marehemu yule alikuwa amelazwa karibu na njia kwa sababu alipenda kuona wapitao. Jirani alikuja akaitazama kamba, akasema sentensi moja. "Mke wangu hahami."

Walimwendea wazee wa kanisa. Walimwendea vijana, nao hawakuwa na adabu nyingi. Mmoja aliuliza kwa sauti kama kaburi moja ndilo litakalozuia mtaa mzima, na wengine walioona vile mke wa mwalimu alivyopata taabu wakamuunga mkono. Mwenyekiti akampa mpaka Jumatatu. Jirani akabeba kigoda, akakaa kando ya kaburi, asubuhi mpaka jioni, na mvua ilipokuja akajifunika mfuko wa nailoni akaendelea kukaa.

Sasa lazima nikwambie kwamba Bibi na jirani huyu walikuwa hawasemeshani. Mkewe alipokuwa hai, alikuwa ndiye rafiki wa Bibi. Walikaa jikoni wakimenya ndizi na kusema watu, na kila tulipoingia sisi wakahamia Kinyakyusa cha ndani kabisa. Alipofariki, jirani alichimba mfereji wa kutoa maji uwani kwake, na maji yote yakaelekea jikoni kwa Bibi. Bibi aliamka akakuta kuni zinaelea. Tangu siku hiyo waliwasiliana kupitia kwetu. Wamesimama wote wawili kila mmoja uwani kwake, wanasikilizana vizuri tu, na bado ilibidi uvuke njia. "Kamwambie bibi yako mbuzi wake amefunguka." "Kamwambie nimemwona." Tulichoka, lakini hakuna aliyethubutu kugoma.

Kwa hiyo vijana walipomsema jirani na Bibi asimtetee, watu walidhani anafurahia. Hata mimi nilidhani hivyo.

Jumapili asubuhi, ukungu bado umelala chini, nilikuwa nafagia uwanja nikamwona Bibi anang'oa vigingi. Aling'oa vya upande wa jirani vilivyokuwa karibu na kaburi, akavivusha, akavigongomea upya upande wetu kwa mgongo wa shoka. Alipita mstari wa kwanza wa migomba, akapita wa pili, akapita jiko, akapiga kigingi cha mwisho nyuma ya jiko kabisa. Kisha akaosha mikono, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kusali.

Baba alipoona alikasirika nisivyowahi kumwona. Alimsubiri mlangoni.

"Mama, umegawa urithi wa watoto bila kutuuliza."

"Ndisi sitaota kwingine," Bibi alisema, yaani ndizi zitaota. "Jiko tutajenga. Yule mama akitolewa pale, atapelekwa wapi?"

"Lakini wewe na huyo tata wa jirani hata kusalimiana hamsalimiani."

"Hatusalimiani, ndiyo. Na hatutasalimiana. Sijampa yeye."

Akaingia jikoni kuchochea moto. Baba alibaki amesimama na kofia mkononi. Jumatatu mwenyekiti alikuja, akavitazama vigingi, akamtazama baba, na baba akasema, kwa shida, kwamba familia imeridhia.

Mtaa ulikuja kuchimba, wanaume kwa majembe na makoleo, wanawake kwa vyungu vya kande na chai. Jirani alifika kabla ya wote. Alianza kubomoa jiko la Bibi taratibu, mwanzi mmoja mmoja, akiufuta udongo na kuupanga pembeni, ili ufae kujengea tena. Jioni akaniita. "Kamwambie bibi yako mfereji nimeugeuza."

Nikavuka. Bibi alikuwa amekaa juu ya kinu uwanjani, hana jiko, anapikia mafiga matatu chini ya mwavuli. "Kamwambie nimesikia," alisema. Nilipogeuka, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ndaga." Ndiyo asante ya kwetu. Kisha akanikazia macho. "Hiyo usimpelekee."

Nikapeleka nusu.

Greda likaja kweli, likalia siku nzima, na watoto wa Ibighi hatukwenda shule. Barabara ilinyooka vizuri kutoka juu, ikafika kwetu ikajikunja kumkwepa marehemu, ikanyooka tena. Gari la kwanza kupita lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa viazi, na watu waliishangilia kama harusi. Wagonjwa wakaanza kuchukuliwa na gari mlangoni. Viwanja vikapanda bei, nyumba zikaongezeka, umeme ukafuata barabara, na bomba likafuata umeme. Vijana wa bodaboda wa siku hizi, wengi wao kutoka vijiji vya Kisondela, wanapaita Konani, na ukiwauliza kwa nini wanakwambia kwa sababu kuna kona.

Jiko jipya lilijengwa nyuma, dogo, na moshi wake haukujua kutoka. Bibi alililalamikia mpaka mwisho wa maisha yake. Alilalamikia tope lililorushwa na magari uwanjani kwake, akalalamikia honi, akalalamikia migomba mipya iliyozaa mikungu midogo. Kuna miaka tulikula ndizi za kununua, jambo la aibu kwa Mnyakyusa yeyote. Kuhusu vigingi hakuwahi kusema kitu. Hawakusalimiana na jirani mpaka jirani alipokufa, na msibani Bibi alipika tangu asubuhi mpaka usiku bila kukaa chini.

Bibi naye alifuata. Watoto wa jirani, ambao wako Dar es Salaam, waliuza lile eneo. Walifanya kwa utaratibu, sitawasema vibaya. Mchungaji aliitwa, ibada ikafanyika, na wazazi wao wakahamishiwa makaburi ya mji. Mahali alipokuwa amelala yule mama sasa kuna maegesho ya nyumba ya wageni.

Kwa hiyo kona imebaki inakwepa maegesho. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mhandisi, ningeinyoosha.

Mhandisi alikuja siku ya pili, kijana mpole aliyevaa buti za mvua, na chombo chake cha kupimia kwenye miguu mitatu. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa. Alinionyesha barabara mpya itakapopita, akanieleza kwamba mwenye nyumba ya wageni atalipwa fidia ya ukuta na ya ardhi, kwa bei ya soko. Kisha akatabasamu. "Nyinyi huku mnapata, mama. Hiki kipande cha kona hakitahitajika tena, kinarudi kwenu. Hongereni."

Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alishaanza kukipima kwa macho. Anataka fremu za maduka, na wala hajakosea, mahali pazuri pale. Nikamuuliza kijana kama anajua kwa nini barabara ilipinda.

"Zamani watu walikuwa wanakata njia bila mpango," alisema.

Iliniuma, sitakuficha. Nikamwambia mpango ulikuwepo, na kwamba bibi yangu ndiye aliyehamisha vigingi, na migomba yake ilikuwa hapa, na jiko lake lilikuwa hapo penye chombo chake. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza na yeye alikuwa na kazi ya kumaliza. Lakini alinisikiliza. Aliuondoa hata mguu wa chombo, kana kwamba ameukanyagisha kwenye kitu.

"Na yeye alilipwa fidia?"

"Hapana."

"Pole sana, mama," akasema, kwa heshima kabisa, akabeba chombo chake akaenda kwenye nyumba inayofuata.

Nikaipokea pole yake. Bibi asingeipokea.