Kuelea Ndivani

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani Tanga, na karani wa siku zile alijiona. Rafiki yangu wa kazini, mwenyeji wa Pemba, alinialika likizo kwao, tukaelee baharini tukitazama samaki. Akaniazima miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia, nijizoeze kwanza kwetu milimani, Vudee. Ningemwambiaje kwamba bahari nilikuwa naiogopa? Nikavibeba.

Maji pekee ya kunitosha yalikuwa ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kila siku tuliliziba jioni, likajaa usiku, na asubuhi mwenye zamu ya maji alizibua kidogo kidogo huku watu wake wakiyaongoza maji shambani kwa majembe. Kuoga humo ni mwiko. Mimi nikajiambia kuelea si kuoga. Ndiyo elimu hiyo!

Kulipopambazuka nikaingia, nikalaza uso majini. Kwanza nilikunywa tope. Baadaye nikatulia, mpira ukapitisha pumzi, nikaelea mikono nimeitandaza, nimefurahi kama mtoto. Masikio yalikuwa majini, sikusikia kitu.

Zamu ile ilikuwa ya jirani yetu, mama mjane, ambaye maharage yake yalikuwa yametoa maua na mvua imekataa. Alikuja kuzibua, akaona mgongo wa mtu unaelea. Kwetu hakuna aliyejua kuogelea. Aliyezama ndivani aliokolewa kwa kuyatoa maji. Akapiga yowe, akang'oa kizibo chote. Wanawe waliokuwa wakisubiri shambani wakatupa majembe, wakapanda mbio, na maji yakabomoa mfereji yakaishia korongoni.

Nilishtuka tumbo lilipogusa tope. Nikasimama, miwani usoni, mpira mdomoni. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Nikatoa mpira, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mjane, analia. "U mzima?"

"Mzima. Nilikuwa najifunza kuelea, nikatazame samaki baharini."

"Uwavue?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana. Kuwatazama tu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama yangu, bila kunitazama, akamshika mjane mkono. "Dada, zamu yangu ya kesho ni yako." Nikaanza kusema kwamba nitafidia. Mama akaniambia nikavae shati.

Maharage ya mjane yalipona. Ya mama yangu yalikauka na maua yake, maana zamu nyingine ilikuwa mbali, na siku naondoka nilimkuta anayang'oa awape mbuzi. Nikamuaga, akanitakia safari njema kwa sauti ya kawaida kabisa. Angenitukana ningepumua.

Pemba nilielea vizuri mno. Samaki walikuwa wa kila rangi, na ndugu za rafiki yangu walishangaa: mtu wa milimani huyu! Rafiki yangu akaniuliza nilijifunzia wapi.

"Sikujifunza popote," nikamjibu, nikarudisha uso majini upesi asinione.